Maji ya Samaki wa Maman Joséphine

Vijana mnaoanza ufundi bomba hapa Bukavu mnapenda kuniuliza ni kazi gani ilinitoa jasho kuliko zote. Mnangoja niwatajie jengo refu, au ile hoteli ya kando ya ziwa ambayo bafu lake la wageni wa heshima lilikuwa linajaa kutokea chini. Nawasikitikia. Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa sanduku la kioo lenye samaki, katika saluni, yaani sebule, ya mwalimu mstaafu, kwenye mteremko juu ya Cimpunda. Samaki wenyewe ukiwakusanya wote hawatoshi mboga ya mtu mmoja.

Naandika habari zake kwa sababu siku hizi mnalitamka neno "otomatiki" kwa sauti ambayo wazazi wetu waliiweka kando kwa ajili ya Misa ya Pasaka. Mnaniambia, Papa, sasa kila kitu kitajiendesha chenyewe. Sawa. Mimi nimetengeneza kitu kinachojiendesha chenyewe. Kaeni niwaambie kinajiendesha na nani.

Maman Joséphine alifundisha Kifaransa miaka mingi, akastaafu, akanunua samaki. Wengine wakistaafu hununua mbuzi, ambaye siku ya Noeli anajua wajibu wake. Yeye alinunua samaki wekundu na wengine wenye milia, akawapa majina ya vyeo vya watu waliomsumbua kazini. Yule mnene, aliyekaa katikati ya maji siku nzima akifungua mdomo na kuufunga bila kutoa neno, aliitwa Inspecteur, mkaguzi wa shule.

Shida ilikuwa macho. Ukungu ulikuwa umeingia katika macho yote mawili, na daktari wa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, alimwambia wazi kwamba jicho la kushoto likichelewa zaidi litapotea. Lifanyiwe upasuaji, kisha apumzike majuma matatu kwa binti yake aliyeko huko huko. Asiiname, asibebe kitu kizito, asikaribishe maji machafu usoni. Ni masharti mepesi, isipokuwa kwa mtu anayebadilisha maji ya samaki kwa ndoo kila juma.

Maman Joséphine alikataa kwenda. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa inaishi naye nyumbani, ikiitwa Aristide, mtoto wa marehemu dada yake, mwenye diploma ya informatique, mambo ya kompyuta. Safari iliyotangulia, alipokwenda kwenye matanga Kalehe, alimwachia samaki. Maji ya mjini yakarudi baada ya kukatika siku kadhaa, yakinuka dawa kama sakafu ya hospitali. Aristide akamwaga maji yote ya zamani, akajaza mapya moja kwa moja kutoka robine, yaani bomba la nyumbani. Na kwa kuwa ni kijana mwenye adabu, akaosha na mawe kwa sabuni. Nusu ya samaki walikufa wakiwa safi kabisa.

"Siendi fasi yoyote," Maman Joséphine aliiambia familia nzima. "Nikirudi na macho ya muzuri, nitaangalia nini? Bamaiti?"

Hapo Aristide alitubu kwa njia ya watu wa kizazi chake, yaani aliagiza mashine. Ilikuja kutoka Dubai ikiwa na pampu mbili, moja ya kutoa maji na nyingine ya kuingiza, pamoja na kisanduku cha kuziamuru kupitia simu. Siku ya majaribio pampu ya kwanza ilitoa maji vizuri sana. Kisha umeme ukakatika. Samaki wakabaki kwenye maji ya kina cha kiganja, wamelala ubavu kama mitumbwi ufukoni. Umeme uliporudi, mashine haikukumbuka ilikuwa imefika wapi, ikaanza tena mwanzo kama mwanafunzi mtiifu. Ikatoa maji yaliyobaki.

Samaki waliokolewa na sufuria. Ndipo Aristide alipokuja kwangu.

"Papa Byamungu, unisaidie. Maman atapoteza jicho juu ya samaki."

"Na mashine yako?"

"Mashine iko muzuri, Papa. Ni courant tu njo mubaya."

Kumbukeni jibu hilo, kwamba umeme tu ndio mbaya. Mtalisikia kwa kila mtu anayeleta kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mji mwingine. Kitu ni kizuri, ila mji ndio una kasoro, kwa hiyo tungoje mji urekebishwe.

Mimi nilijifunza kazi kwa muzee Kashosi, aliyekuwa hajui kusema pole pole wala kusema mara mbili. Alipotaka kukufundisha kitu alikunyang'anya ufunguo wa kukazia bomba mkononi, akakukalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakuamuru utazame. Nilitazama robine moja inayovuja tangu asubuhi hadi saa ya kula. Nilidhani ananiadhibu, na kweli alikuwa ananiadhibu, lakini ndivyo nilivyojua kwamba bomba halina haraka. Fundi ndiye mwenye haraka. Kwa hiyo nilipofika kwa Maman Joséphine niliomba kiti, nikakaa mbele ya samaki siku nzima. Aristide aliwaambia jirani kwamba muzee amechoka.

Niliona mambo matatu, na ninyi yaandikeni. La kwanza, samaki hauawi na maji mapya. Anauawa na maji mapya yanayokuja kwa kishindo. Ukimwingizia kidogo kidogo, dawa ya mjini inapotea ndani ya maji ya zamani kabla hajaisikia, na baridi ya asubuhi haimshtui. La pili, umeme wa kwetu ni mgeni, na mgeni hapewi kazi ya nyumba. La tatu, nyumba iko kwenye mteremko. Bukavu yote iko kwenye mteremko. Tunalalamika kila siku kwa sababu ya magoti yetu, lakini hiyo ndiyo pampu pekee ya mji huu ambayo sijawahi kuona imekatika.

Basi nilipanga hivi. Nje ya dirisha, juu ya jukwaa la saruji, niliweka pipa. Maji ya mjini yakija, yanajaa pipani na kufungwa na kile kifaa cha kuelea kilichomo kwenye tangi la choo cha kuvuta. Yasipokuja, pipa lina akiba ya siku nyingi. Kutoka pipani, mpira mwembamba unaingia saluni na kudondosha tone moja moja ndani ya sanduku la samaki, mchana na usiku. Upande wa pili, bomba la plastiki lililokunjwa mara kadhaa linanyonya juu ya ukingo wa kioo: maji yakipanda kidogo yanatoka, yakirudi kiwango chake yanatulia. Linapita ukutani, linashuka uani, linatokeza nje ya ukuta wa kiwanja. Halina umeme wala simu. Aristide alilitazama kwa huruma.

Mpira wa kudondosha nilikwenda kuutafuta famasia. Ni ule wa serumu, dripu ya wagonjwa, wenye kigurudumu kidogo cha kupunguza matone. Hakuna kifaa cha kiwandani kinachoushinda. Dada wa famasia aliuliza, kama inavyotakiwa:

"Mugonjwa iko na kilo ngapi?"

"Haifike kilo."

"Ni mutoto muchanga?"

"Ni samaki."

Aliweka mpira mezani, akautazama, akanitazama. "Na docteur gani alimuandikia?"

Nilimwambia ni mimi. Akaniuzia, lakini nilipotoka nilimsikia akimwita mwenzake.

Siku ya kuujaribu, Maman Joséphine alikaa karibu na sanduku na kuinamisha sikio. Kwa macho yake alikuwa anaona rangi zinazotembea tu, basi alikagua kwa kusikia. Alikuwa ameshika kitambaa chake magotini, na midomo inahesabu.

"Papa Byamungu, hii tone imechelewa."

"Ni hewa, Maman. Itatoka."

"Imechelewa tena."

Niligusa kigurudumu. Alisikiliza mpaka nikaanza kuhisi kama mtoto anayesomewa imla. Mwishowe aliinuka.

"Bon. Nitaenda. Lakini hakuna mukono wa mutu itagusa humu ndani. Si ya Aristide, si ya mutu mwengine. Nikisikia mutu ametia mukono, narudi siku hiyo hiyo, na bandeji yangu."

Hakuwa mtu wa kutania. Kuanzia hapo jicho lake lilikuwa limening'inia kwenye mpira wa famasia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kila asubuhi alipiga simu kutoka kwa binti yake, na Aristide aliweka simu karibu na maji ili asikie matone. Kijana mwenye diploma, amesimama saluni na pijama, anawawekea samaki simu. Juma la kwanza lilipita hivyo, na mimi nikaanza kutembea barabarani kama mtu aliyejenga daraja.

Juma la pili Aristide alinipigia mimi.

"Papa, kuja mbio. Saloni imekuwa lac."

Nilikuta ziwa kweli, zulia limelowa kutoka kabatini hadi mlangoni. Maji yalikuwa yanafurika ukingo wa kioo taratibu, bila ugomvi, tone kwa tone, kama nilivyoyapanga. Yalikuwa yanaingia tu. Hayakuwa yanatoka. Nilifunga kigurudumu, nikahesabu samaki, mmoja akakosekana. Inspecteur alikuwa chini ya kiti cha fotei, kwenye zulia lililoloa, anafungua mdomo na kuufunga. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo la kusema. Tulimrudisha majini, akazama upande, akakaa chini bila kutikisika.

Wakati huo simu ikalia. Ilikuwa saa ya Maman Joséphine.

Niliwasha tena matone kidogo ili ayasikie. Aristide aliweka simu mahali pake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kusukuma maji nje kwa tambara.

"Tone iko muzuri," alisema Maman Joséphine. Kisha akasikiliza tena. "Nasikia kama mutu iko anapiga deki."

"Ni mimi, Maman."

"Wewe?"

"Ndiyo, Maman."

"Wewe, Aristide, uko unapiga deki?"

Hapo nilijua tumekwisha. Katika miaka yote ambayo Aristide alikaa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona na tambara mkononi.

"Ni batu ba shirika banakuja kusali hapa, Maman," alisema.

"Basi bakisali, bataje na jicho yangu," akasema kwa sauti ya mwalimu anayesoma jibu lililonakiliwa, akakata simu. Kwa hiyo Aristide alilazimika kuwaita watu wa shirika, jumuiya ya Kikristo ya mtaa, waje kusali kweli, juu ya zulia lenye unyevu. Walisali vizuri. Mama mmoja alisema nyumba hii ina baridi.

Mimi nilikuwa nje nafuata bomba. Ndani ya nyumba lilikuwa zima, uani zima. Nilipofika mahali linapotokeza nje ya ukuta, nilikuta limezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kwenye mfuko wa plastiki, likakazwa kwa mpira wa baiskeli. Nawaambia kama fundi: ile ilikuwa kazi safi. Halikuwa linavuja hata tone.

Chini ya ukuta ni kiwanja cha Maman Nabintu, mwanamke anayeuza mboga, ana bidoni zake za maji zimepangwa kando ya bustani ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Alikuwa anapalilia. Nilimuuliza, kwa heshima zote, kama anamjua aliyefunga tuyo, yaani lile bomba.

"Njo mimi," alisema bila kuinuka.

"Juu ya nini, Maman?"

"Unaniuliza juu ya nini? Maji iko inamwangika muchana na usiku, batu ba huko juu banaangalia tu. Hamuna haya? Nikaifunga. Nikiwa na lazima nafungua, najaza bidoni, nafunga tena. Jana nilikwenda kwa dada yangu, njo sikufungua."

"Maman, hii maji inatoka kwa samaki."

"Samaki banafanya nini na maji ya kumwanga?"

"Banaishi ndani. Tena banajisaidia humo."

Alisimama sasa. Nilidhani amechukizwa. Alikamata jani moja la lengalenga, pana kama sahani, akaligeuza nilione pande zote mbili.

"Njo maana," alisema. "Basi ubaambie baongeze."

Vijana, hapa ndipo nataka mkae juu ya ndoo yenu. Nilikuwa nimefikiria umeme unaokatika, dawa ya mjini, baridi, hewa kwenye mpira, hata mende. Niliyafuata maji mpaka ukutani, nikaridhika. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeweka bomba linalotoa maji safi kwa macho, tone kwa tone, mchana na usiku, juu ya vichwa vya watu wanaoacha robine wazi walale wakiisikiliza kama itakohoa maji. Katika mtaa wa namna hiyo kuacha maji yaende bure ni dhambi inayostahili kuungamwa, na kuyafunga ni tendo jema. Mashine yangu iliharibiwa na tendo jema. Hiyo haimo katika kitabu chochote cha ufundi, maana vitabu hivyo huandikwa na watu ambao maji yao huja.

Niliwaza kuweka wavu wa chuma mdomoni mwa bomba. Angeukata. Niliwaza kulizika ardhini. Mtu angelisikia na kuchimba, na kwa haki. Mwisho niliomba ruhusa nikaingia kiwanjani kwa Maman Nabintu na pipa la pili. Nilifanya mdomo wa bomba ubaki hewani, juu ya ukingo wa pipa, kwa umbali wa kiganja, ili hata pipa likijaa maji yasirudi nyuma. Hilo lishikeni: maji ya kutoka yasigusane kamwe na mahali yanapokwenda. Chini ya pipa niliweka robine ya kweli, na juu kidogo tundu la kupeleka ziada kwenye mtaro wa lengalenga. Alinisimamia kazi nzima na kunikosoa mtaro.

"Maman, nakuomba kitu moja," nilimwambia. "Kila asubuhi uangalie kama inatona. Siku haitone, uite Aristide."

"Nitamwita. Mimi siogope kupiga kelele."

Alisema kweli. Siku chache kabla ya Maman Joséphine kurudi, mpira wa serumu uliziba kwa utelezi wa kijani. Aristide alikuwa anaweka simu karibu na maji na kugonga kioo kwa ukucha ili isikike kama tone, kwa kuwa alikuwa hajafika hatua ya kutazama kwa nini matone yamekatika. Sauti ikapanda kutoka chini ya ukuta, mtaa mzima ukasikia:

"Wee Aristide. Samaki yenu imekufa ama imefunga mukojo?"

Nilikuja nikabadilisha mpira. Hakuna samaki aliyepotea.

Maman Joséphine alirudi na jicho moja jipya. Hakukaa, hakunywa chai, alikwenda moja kwa moja mbele ya kioo na kusimama hapo. Sisi wawili tulisimama nyuma yake kama watu wanaongoja matokeo. Aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Inspecteur aliinama, akakumbuka daktari, akajinyoosha.

"Huyu anakosa magamba upande moja."

Kisha akatazama zulia.

"Na hii tapis iko na mustari wa maji." Aligeuka. "Aristide. Ile siku ya deki."

Aristide alieleza yote, akianzia mbali sana, kwenye mambo ya umeme. Mimi nilimalizia mambo ya gunzi na ya jirani wa chini aliyetupigia kelele. Nilimwambia pia kwamba sharti lake lilivunjwa: mkono wa mtu uliingia, na bila mkono huo samaki wangekufa mara mbili. Nilingoja aniulize basi nilimjengea nini. Alitoka nje, akashuka uani mpaka ukutani, akashika ukuta kwa mikono miwili na kutazama chini.

Maman Nabintu alikuwa anajaza bidoni. Alimwona, akanyoosha mgongo.

"Ni wewe Nabintu?" aliuliza Maman Joséphine. "Kumbe uko mutoto hivi. Sauti yako ni ya mutu mukubwa."

"Ni mimi, Maman."

"Miaka yote naona tu kitambaa ya bleu inapita."

Maman Nabintu alifunga robine kwanza. Ni mtu wa kufunga robine kwanza. Kisha akamtazama.

"Tunapitana kwa njia kila dimanche, Maman, tukitoka Misa. Haujanisalimia hata mara moja. Nilizania uko na kiburi."

"Nilikuwa sioni."

"Kumbe," alisema Maman Nabintu. "Mimi nilikuwa nakasirika bure."

Nilirudi ndani kukagua kigurudumu, ambacho hakikuhitaji kukaguliwa.

Miezi kadhaa baadaye ikafika zamu ya jicho la pili. Nilipanda mteremko asubuhi na mapema, mvua inanyesha, nikiwa na mpira mpya mfukoni na hotuba fupi juu ya marekebisho niliyoyafanya katika mfumo. Maman Joséphine alikuwa mlangoni na sanduku lake la nguo, teksi inamngoja barabarani. Nilifungua mdomo. Alinipita, akaenda ukutani.

"Nabintu, uko?"

"Niko, Maman. Enda tu."

Akaenda. Hakumuuliza Aristide kitu, hakuniuliza mimi kitu. Tulibaki wawili pale uani, diploma na ufundi, tunanyeshewa, mpaka sauti ya Maman Nabintu ilipotoka chini ya ukuta kutuuliza kama tunangoja mtu.